Viti vya Pembeni

Kosa la kwanza la Winfrida lilikuwa kudhani kwamba kupanga viti ni kazi ndogo.

Shangazi Marcelina, mwenyekiti wa kamati ya kumuaga bibi harusi, alikuwa amekaa uani kwao Gungu akichambua mchele na kulalamika kwamba ukoo mzima hauna watu wawili wanaoweza kukaa jirani bila refa.

"Elikana hataki kumwona Gasper. Gasper hataki hata kusikia Elikana akikohoa. Na wote ni babu zake Yunisi, wote lazima wakae mbele, safu moja. Kichwa kinaniuma tangu Jumapili."

"Hilo ni tatizo la kawaida," alisema Winfrida, dada mkubwa wa bibi harusi Yunisi, aliyekuwa amekuja likizo kutoka masomoni. "Ndiyo kazi yangu ya kila siku."

"Kupanga viti?"

"Kupanga atomu. Kila atomu ya chuma ni kama sumaku ndogo yenye majirani. Kuna jirani inayepatana naye na jirani isiyepatana naye. Kompyuta inajaribu mpangilio huu, inajaribu ule, mpaka ugomvi unakuwa mdogo kabisa."

Shangazi aliweka ungo chini. Alikuwa mtu wa kuheshimu elimu, ila alipenda kuiona imebeba kitu.

"Miaka mitatu uko Ulaya, hatujui unasomea nini. Mama yako anawaambia watu ni udaktari. Watu wanamletea magoti yao."

"Ninasomea vichembe vya sumaku, Shangazi. Vidogo sana. Ukivipanga laki moja kwenye mstari, mstari wenyewe haufiki milimita moja."

"Mnavionaje sasa?"

"Hatuvioni. Tunavirushia nyutroni, halafu tunatazama zinatawanyika vipi. Ni kama kurusha mipira kwenye kitu kilichofichwa nyuma ya pazia. Ukiona mipira inakoangukia, utajua umbo la kitu. Na nyutroni ina usumaku wake, kwa hiyo inatuonyesha pia sumaku za ndani zimeelekea wapi. Upande wa pili ninaijenga chembe hiyo hiyo ndani ya kompyuta, atomu kwa atomu, nione kama majibu yanalingana."

"Na hivyo vichembe havigandani?"

"Tunavipaka asidi ya mafuta. Iko hata kwenye mawese."

Shangazi alifikiri.

"Kwa hiyo ulipanda ndege kwenda Ulaya kupaka chuma mawese."

"Kwa ufupi, ndiyo."

"Ungeniuliza tu, ningekufundisha hapa hapa."

Hata hivyo alikubali kompyuta ijaribu. Jioni ile alimtajia Winfrida nani anapatana na nani. Babu Elikana, mkulima wa kahawa wa Kalinzi, na Babu Gasper, binamu yake aliyehamia Katubuka, waligombania mpaka wa shamba la kahawa ambalo sasa halikuwa na kahawa. Hao wakae mbali. Lakini jambo kubwa kuliko yote, Shangazi alisisitiza kwa kidole, lilikuwa Bibi Rozalia, dada yake Elikana. Yeye lazima akae bega kwa bega na kaka yake, amshike kiwiko.

"Elikana bila Rozalia ni redio isiyo na kitufe," alisema. "Andika hivyo humo."

Winfrida hakuandika hivyo, ila aliweka namba kubwa kabisa kati ya Elikana na Rozalia. Alichukua programu yake ya atomu, akatoa chuma, akaweka ndugu. Kabla chai haijapoa kompyuta ilitoa safu ya mbele nzima, ugomvi umeshuka mpaka chini. Hakuikagua. Programu iliyokwisha kupanga atomu mamilioni haikuhitaji kukaguliwa kwa sababu ya mababu wawili.

Hilo lilikuwa kosa la pili.

Jumamosi ya sherehe ilimkuta na tatizo lingine, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Vichembe vyake, vilivyomchukua mwaka na nusu kuvitengeneza, vilikuwa wakati huo huo mbele ya mtambo wa nyutroni huko Ulaya. Zamu ya kupima kwenye mtambo ule huombwa kama viza. Winfrida alinyimwa mara mbili, ya tatu akapewa siku tatu, na kwa bahati mbaya siku hizo ziliangukia kwenye sherehe ya mdogo wake. Mwenzake wa masomo, Nshimirimana, kijana wa Bujumbura, alibaki kupima kwa niaba yake. Walielewana tangu siku ya kwanza, kwa kuwa wote walikua wakitazama ziwa moja, kila mmoja akiamini samaki wa upande wake ni watamu zaidi.

Saa sita mchana Nshimirimana alipiga simu.

"Dada Winfrida, habari si nzuri. Nyutroni zinasema chembe ina upana wa nanomita tisa. Sawa. Lakini sehemu inayoitii sumaku kubwa ya mtambo ni saba tu. Ganda la nje halitii."

"Kwenye kompyuta yangu inatii yote tisa."

"Najua. Ndiyo maana Profesa amekunja uso. Anasema ganda la nje limeliwa na kutu, usumaku umekufa. Kama ni kutu, hakuna cha kupima. Kuna kikundi kingine kinasubiri mlangoni na chupa zao. Ukishindwa kumpa sababu kabla ya saa kumi na mbili ya kwenu, anawapa wao muda uliobaki."

"Si kutu," alisema Winfrida.

"Unajua au unatumaini?"

Winfrida hakuwa mtu wa kujibu swali kama hilo kwa uongo. Zamu nyingine ingemchukua mwaka kuipata, na ufadhili wake ulikuwa unaisha kabla ya hapo. Digrii yake yote ilikuwa imekaa kwenye ganda la unene wa nanomita moja.

Saa nane wageni walikuwa chini ya maturubai, upepo wa ziwa ukipandisha harufu ya samaki aina ya migebuka wa kukaanga. Mshereheshaji, Castory, alisimama katikati na kipaza sauti, amevaa suti ya bluu ambayo vifungo vyake vilikuwa vikifanya kazi ya ziada.

"Wageni waalikwa! Sote tuelekeze nyuso zetu kwa bibi harusi wetu!"

Katikati ya safu ya mbele watu waligeuka kama mtu mmoja. Babu Gasper, aliyekaa katikati kabisa, aligeuka kwa heshima ya askofu. Lakini kadiri macho yalivyoelekea pembeni, utii ulipungua. Mtu wa tatu kutoka mwisho aligeuza shingo tu. Wa pili alikuwa akigawa karanga. Na kwenye kiti cha mwisho, upande wa kushoto, Babu Elikana alikuwa amempa Castory mgongo kabisa, akitazama masufuria.

Kushoto kwake hapakuwa na kiti. Palikuwa na njia ya wapishi. Kila mpishi aliyepita, Babu alimsalimia salamu nzima ya Kiha, na salamu ya Kiha haina njia ya mkato.

"Mwidiwe!" Babu alipiga makofi polepole, mikono imekutana kifuani.

Mpishi naye, mwenye ndoo ya pilau, hakuwa na budi kuitua chini, kupiga goti na kupiga makofi. Kisha wakaulizana nyumba, watoto, mvua, mihogo. Nyuma yake wapishi wengine walisimama foleni na ndoo zao, wakisubiri kusalimiwa.

"Babu yetu wa pembeni kule!" Castory alisihi. "Huku mbele, mzee wangu!"

"Nasalimia watu!" Babu Elikana alijibu bila kugeuka. "Wewe umesalimia nani tangu ufike? Unapiga kelele tu."

Kwenye kiti cha mwisho upande wa kulia, Bibi Rozalia alikuwa amegeukia barabarani, akiwaelekeza madereva wa bodaboda mahali pa kuegesha. Aliposikia sauti ya kaka yake alisimama.

"Elikana! Kaa vizuri!"

"Rozalia! Umemeza dawa?"

"Nimemeza! Geuka!"

Mazungumzo hayo yalipita juu ya vichwa vya safu nzima, pamoja na vichwa vya akina Harerimana, wazazi wa bwana harusi, ambao walitabasamu kwa adabu ya watu wanaohesabu kila kitu.

Shangazi Marcelina alimfuata Winfrida nyuma ya kreti za soda.

"Wini. Nilikuambia nini kuhusu Elikana na Rozalia?"

"Wakae bega kwa bega."

"Umemweka mmoja jikoni, mwingine barabarani."

"Haiwezekani, Shangazi. Ile ndiyo namba kubwa kuliko zote. Kompyuta haiwezi kuwatenganisha."

"Basi mwambie kompyuta aje aone kwa macho yake."

Winfrida alikwenda chumbani, akafungua kompyuta na kuuliza programu swali moja: jirani wa Elikana ni nani? Ikajibu: kulia kwake mzee fulani kiziwi, kushoto kwake Rozalia. Jirani wa Rozalia? Kulia kwake Elikana. Programu ilikuwa na hakika kwamba kiti cha mwisho na kiti cha kwanza vinagusana.

Aliuliza tena. Ikajibu vile vile.

Katika programu hizi kuna hila inayojulikana. Ukitaka kuiga kipande kikubwa cha chuma, hujengi atomu zote, maana kompyuta itazeeka. Unajenga chache, kisha unaambia ukingo wa kulia uungane na ukingo wa kushoto. Hapo hakuna atomu iliyo pembeni. Kila moja ina jirani pande zote, kama vile chuma hakina mwisho. Kwa chuma kikubwa hila hiyo haina madhara. Kwa chembe ya nanomita tisa ni upuuzi, kwa kuwa sehemu kubwa ya chembe hiyo ni pembeni. Winfrida alijua hayo tangu mwaka wa kwanza. Alijua pia, sasa alipokumbuka, kwamba mwezi uliopita aliiwasha hila hiyo ili kujaribu kasi ya programu, na hakuizima.

Alitoka nje tena, akasimama na kuitazama safu ya mbele. Watu wa katikati walikuwa na majirani kushoto na kulia. Jirani akigeuka, nao wanageuka. Babu Elikana upande mmoja alikuwa na hewa tu. Hakuwa amekufa, wala hakuwa ameshika kutu. Alikuwa mzima kabisa, na mwenye nguvu, ila alielekea kwingine.

Alimpigia Nshimirimana.

"Usimpe mtu zamu yangu. Kosa ni langu, ni la kwenye uigaji. Nilifunga kingo. Kompyuta haikujua kwamba chembe ina nje."

"Wewe, dada?"

"Mimi. Cheka baadaye. Ganda la nje huenda halijafa, limelala ubavu. Pima nyutroni zinazopinduka. Nyutroni ikikutana na sumaku iliyolala ubavu, inatoka imepinduka. Kutu haiwezi kuipindua."

"Kipimo hicho kinakula muda wote uliobaki. Profesa hatakiruhusu kwa sababu ya huenda. Anataka kuona uigaji mpya, kingo wazi, unaotoa saba."

"Atauona kabla ya saa kumi na mbili."

Kuendesha uigaji huo kulihitaji saa moja ya kompyuta, na kompyuta ilihitaji umeme. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na betri ya kompyuta yake, ya mapambo tu, ilikuwa imekata roho baada ya maswali yale mawili. Jenereta pekee ilikuwa ya Castory, inayolisha spika. Winfrida alichomeka waya wake chini ya meza ya muziki, akaianzisha kazi, ndipo akaomba ruhusa.

"Hakuna shida, dada yangu," alisema Castory, akijifuta jasho. "Ila ujue, zawadi zikiisha kuchezwa nazima. Petroli iliyobaki ni ya keki na ya kumwingiza bwana harusi."

"Kucheza zawadi kunachukua muda gani?"

"Kwa ukoo huu? Nusu saa. Wazee hawana magoti."

Winfrida alikuwa na habari za magoti yale kupitia mama yake. Alipiga hesabu. Nusu saa haikutosha, na kipaji cha kuwabembeleza watu wacheze hakuwa nacho. Yeye mwenyewe alicheza kama mtu anayepima chumba kwa hatua. Alichokuwa nacho ni takwimu za Shangazi Marcelina: nani hawezi kumvumilia nani, na kwa kiasi gani.

Alikwenda kupiga goti mbele ya Babu Gasper.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu. Msomi wetu!"

"Babu, nina swali. Kati yako na Babu Elikana, nani anaweza kucheza muda mrefu zaidi?"

Babu Gasper alicheka, akasogeza kofia.

"Yule? Wimbo mmoja tu, mtambeba kwa machela. Watu wa kule mlimani miguu yao ni ya kushukia tu."

"Asante, Babu."

Winfrida alitembea mpaka kiti cha mwisho, akasubiri Babu Elikana amalize kumsalimia mpishi, akamfikishia maneno yale kama yalivyosemwa. Hakuongeza hata moja. Hakupenda kutia chumvi kwenye takwimu.

Babu Elikana alitazama masufuria, kisha akatazama katikati ya safu.

"Amesema machela?"

"Machela, Babu."

"Nishikie fimbo."

Zawadi zikaingia. Upande wa mama ulicheza na vitenge na jiko la gesi. Kamati ilicheza na godoro. Kisha wakaitwa mababu na zawadi yao ya ndama, ambaye aliwakilishwa na kamba yake. Gasper alishika ncha moja ya kamba, Elikana akashika nyingine, na kati yao hapakuwa na neno.

Wimbo wa kwanza uliisha. Castory alinyoosha mkono kuelekea viti.

"Asanteni sana wazee wetu, sasa mnaweza kukaa."

"Akae yeye," alisema Elikana.

"Mkubwa ndiye hukaa kwanza," alisema Gasper. "Kaa, kaka. Umechoka."

"Mimi? Weka muziki, kijana!"

Wimbo wa pili, wa tatu. Akina Harerimana, wakidhani hiyo ni mila ya upande huu, waliona haya kukaa wakati wazee wamesimama. Mama Harerimana, Astérie, akaingia uwanjani na shangazi wanne, wakicheza kwa mikono iliyonyooshwa kama pembe za ng'ombe. Uwanja ukajaa. Bibi Rozalia aliwaacha madereva wa bodaboda, akaja kumshika kaka yake kiwiko, lakini kwa vile Elikana hakuacha kucheza ilibidi acheze naye. Castory aliitazama jenereta, akautazama uwanja, akaomba kwa Mungu wake na kuweka wimbo mwingine.

Chini ya meza Winfrida alikuwa amepiga magoti, uso mbele ya kioo. Ndani ya kompyuta chembe ilikuwa inapoa polepole, mishale ya atomu zake ikitafuta pa kuelekea. Sumaku kubwa iliamuru yote itazame juu. Mishale ya katikati ilitii. Ya ukingoni ilianza kuinama, ikayumba, ikalala ubavu.

"Wini!" Shangazi Marcelina aliinua kitambaa cha meza. "Wewe umewaambia nini wale wazee?"

"Kila mmoja nimemwambia ukweli, Shangazi."

"Watatufia uwanjani!"

"Bado asilimia ishirini."

"Asilimia ishirini ya nini, mtoto wewe? Ya uhai wao?"

Shangazi hakungoja jibu. Aliingia uwanjani na chupa mbili za maji, akawanywesha mababu huku wanacheza, kila mmoja akikataa kunywa kabla ya mwenzake, mpaka akawamiminia vinywani kwa pamoja.

Jenereta ilikohoa saa kumi na moja na nusu, ikakohoa tena, ikafa. Muziki ulikatika katikati ya neno. Kioo cha Winfrida nacho kikawa cheusi.

Lakini namba alikuwa ameiona, na tayari alikuwa ameipiga picha kwa simu, pamoja na mchoro wa mishale. Nanomita saba na kidogo. Ganda la nje zima limelala ubavu. Akaituma.

Uwanjani, katika ukimya, Gasper na Elikana walikuwa bado wamesimama, kila mmoja ameishika kamba kwa mikono miwili. Sasa ilikuwa dhahiri kwamba kamba ile ndiyo iliyowazuia wote wawili wasianguke.

"Tukae pamoja," alisema Bibi Rozalia kwa sauti ya mtu asiyejadiliwa. "Moja, mbili."

Wakakaa pamoja, chini, mchangani.

Jibu la Profesa lilikuja kupitia Nshimirimana dakika chache kabla ya saa kumi na mbili. Lilikuwa na neno moja: pimeni. Winfrida alikula, akaosha sufuria mbili, akashuhudia bwana harusi akiingia kwa makofi matupu bila muziki, na wakati wote simu ilikuwa mfukoni mwa kitenge kama kaa la moto. Giza lilikuwa linaanza kushuka juu ya ziwa ilipolia.

"Zinapinduka, dada!" Nshimirimana alikuwa anapiga kelele. "Zinapinduka mpaka aibu! Muda wote uliobaki ni wetu, mpaka asubuhi. Profesa anauliza umeligunduaje kosa."

Winfrida aliwaza jibu lililo sahihi na linaloweza kuandikwa.

"Mwambie nilikagua upya masharti ya ukingoni."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Alirudisha simu mfukoni. Babu Elikana alikuwa amerudishwa kwenye kiti chake cha mwisho, karibu na masufuria, miguu imenyooshwa mbele. Sahani mapajani mwake ilikuwa ya tatu. Katikati ya safu, Babu Gasper alikuwa bado anasubiri ya kwanza.

"Mjukuu," alisema Babu Elikana, akichambua mgebuka. "Marcelina anasema viti umepanga wewe na mashine yako."

"Ndiyo, Babu. Naomba radhi. Ilikosea. Ulitakiwa kukaa na Bibi Rozalia."

Babu alitazama upande wa pili wa turubai, ambako dada yake alikuwa akimgombeza dereva mwingine wa bodaboda. Akatazama sufuria la pilau, lililokuwa karibu kiasi cha kuliegemea. Mpishi alipita, wakasalimiana salamu nzima, na mpishi alipoondoka kulikuwa na kipande kipya cha samaki kwenye sahani.

"Kwenye harusi yenyewe," alisema Babu Elikana, "ikosee tena hivi hivi."